Skrubu Iliyozunguka Bure

Nijibuni kitendawili hiki, wajukuu wangu: nameza mayai madogo ya rangi, nayatema kwa kishindo, na kila ninayempata huenda kwao kufua nguo. Mimi ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji wa Ruiru, niwajibu. Ni bunduki ya rangi, ile ya kuchezea.

Mwanangu Mulei ni fundi wa bunduki hizo katika uwanja mmoja karibu na Kamakis. Kila jioni, Ngina, mtoto wa dada yake, akitoka shule huvua sare, hunywa chai, huosha kikombe, kisha hukimbilia karakana ya mjomba wake. Ana miaka kumi na miwili, na mikono yake haijui kutulia.

Wiki hiyo kulikuwa na kazi kweli. Bunduki za uwanja zilikuwa zikijikoki zenyewe. Ukifyatua, gesi hurudisha nyundo ya ndani nyuma, nawe unafyatua tena papo hapo. Watoto walimiminiana rangi ovyo, wakirudi nyumbani na alama mwilini. Mwenye uwanja akasema hakuna mtoto kucheza tena mpaka bunduki zao zipunguzwe kasi. Na Jumamosi watoto wa kanisa letu walikuwa wanakuja!

"Tutazifanya za kuvuta kwa mkono," Mulei alimwambia Ngina. "Hapa tunaziba njia ya gesi kwa skrubu, hapa tunaweka mpini. Kila risasi, vuta nyuma, sukuma mbele, kama mtu anayejaza baiskeli upepo."

"Anko, si watachoka?"

"Wachoke! Ndio walenge kwanza."

Ijumaa alimwachia skrubu ya bunduki ya mwisho. "Ikishika, simama. Usilazimishe," alisema, akatoka nje kupokea simu. Ngina akaikaza. Akaikaza tena, ili asifiwe, mpaka skrubu ikaanza kuzunguka bure. Nyuzi za tundu, ile mikato inayoishika skrubu, zilikuwa zimelika! Haraka akatoa chingamu mdomoni, akaibandika kwenye tundu, akarudisha skrubu juu yake.

"Imeshika?" Mulei aliuliza aliporudi.

"Imeshika, Anko."

Mulei akaijaribu mara mbili tu. Ikafanya kazi.

Jumamosi watoto walivaa barakoa za kukinga macho, wakachukua bunduki. Ile yenye chingamu ikaangukia Jackie, rafiki wa Ngina.

"Ngina, leo utarudi kwenu na rangi mpaka masikioni!" Jackie alimtania, mkono tayari kwenye mpini.

Ngina akautazama mkono ule. Kama chingamu ingetoka, gesi ingeurusha mpini nyuma na kuvunja vidole.

"Jackie, weka chini! Hiyo ina chingamu ndani!"

Watoto wakacheka. "Chingamu? Ya minti ama ya ndizi?" Kaloki, mmoja wao, akauliza.

Mulei hakucheka. Aliibana bunduki ile mezani, akawarudisha watoto nyuma, akafyatua mara kadhaa. Ghafla chingamu ikachomoka, mpini ukaruka nyuma, pwaa! ukagonga ubao. Jackie akavitazama vidole vyake.

"Ngina," Mulei akasema, "kwa nini hukuniambia jana?"

Ngina aliinama kuokota chingamu.

Mulei akaondoa chupa ya gesi, akakata nyuzi mpya, akatafuta skrubu nene kidogo. Kisha akampa Ngina bisibisi. "Kaza wewe." Ngina akakaza. Iliposhika, akasimama. Safari hii waliijaribu mpaka mkono wa Mulei ukachoka.

"Ikiniumiza," Jackie alisema akiichukua, "nahamia kwenu, na wewe utanilisha na kijiko."

Wakacheza mpaka alasiri. Walivuta, wakalenga, wakakosa, wakachekana. Hakuna aliyelia.

Wageni walipoondoka, Ngina na mjomba wake walibaki wakipangusa barakoa.

"Mimi nilipaswa kuijaribu zaidi, hilo ni langu," Mulei akasema. "Na skrubu kuharibika ni kawaida ya kazi, nimeharibu nyingi. Lakini ukificha, unampa mwenzako hatari aishike bila kujua. Ukiharibu, sema hapo hapo, hata kama nitapiga kelele. Leo ulisema, na Jackie ameenda nyumbani na vidole vyake vyote."

Ngina alipangusa barakoa moja, akaiweka, akachukua nyingine.

"Anko," akasema polepole, "jana sikukuambia kwa sababu niliogopa utasema mikono yangu haifai kwa ufundi."