Mkate Niliomlisha Bi Mwanahawa

Nina miaka ishirini na minane, sijaolewa, na naishi Keko katika chumba kile kile walichofia wazazi wangu. Barua hii kwa gazeti nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo nimechoka kuichana.

Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa Tukuyu. Homa ilimchukua kwa siku nne tu. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha... Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wangu Yona minane, na Elesia sita. Ndugu za baba waliandika kutoka bara kwamba watatugawana: Yona aende kwa huyu, Elesia kwa yule, na mimi nitafutiwe mume. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne ili nimuuguze mama, lakini kuandika nilijua. Niliwajibu kwa mkono wangu mwenyewe: hatugawanywi!

Kuandika ni rahisi, wasomaji wenzangu. Watoto watatu hula nini?

Aliyetushika mkono ni mwenye nyumba wetu, Bi Mwanahawa, mjane wa Kizaramo. Sisi Wakristo, yeye Mwislamu wa sala tano, lakini ndiye aliyemwogesha mama siku zile mama hawezi tena kuinuka. Ndiye aliyekaa nasi msibani kuliko hata watu wa kanisani kwetu. Baada ya hapo hakutaja neno kodi mpaka nilipopata kazi. Wadogo zangu walimwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kufua nguo katika nyumba ya Mzungu mmoja, Kurasini. Huko nilijifunza mkate.

Siku hiyo hamira ilikuwa imekwisha na bwana anataka mkate mezani. Mpishi, Mzee Filipo, hakuhangaika. Alichukua unga, chumvi, sukari kidogo na bekin poda, kisha akamimina chupa nzima ya bia! Hakukanda. Hakungoja uumuke. Alikoroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, akautia motoni vivyo hivyo.

"Huu ni mkate wa mvivu," aliniambia. "Lakini mvivu huyu anakula vizuri kuliko wewe, binti."

Kila Jumatatu kulikuwa na chupa za bia zilizobaki nusu baada ya wageni. Zilikuwa za kumwagwa. Mzee Filipo aliniombea ruhusa, nikawa nayachukua mabaki hayo katika chupa ya siki. Nyumbani sikuwa na jiko la Kizungu, nilitumia sufuria: makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Mkate ulitoka na ganda jekundu, ndani laini, na harufu yake ilijaa uani kote.

Harufu hiyo ndiyo iliyomtoa Bi Mwanahawa chumbani kwake.

Alikuwa mtu mwangalifu. Mchuzi wetu wa nyama hakuugusa mpaka aulize nani kachinja. Lakini siku ile alinyoosha mkono akicheka.

"Mkate hauna mchinjaji," alisema. "Lete!"

Alitafuna polepole. Akaniuliza nimetia nini, maana kuna kauchungu fulani, katamu. Ndugu zangu, ningesema pale pale! Kipande kilikuwa bado mkononi mwake. Angekitema, angenisuta, na jioni tungekuwa tunachekana. Lakini niliuona ule uso, umefurahi kuliko nilivyouona tangu mama afe... Nikaogopa.

"Hamira tu, Bibi," nikasema.

Uongo wangu ulikuwa na maneno matatu, nami nimeubeba miaka.

Maana Bi Mwanahawa hakuishia kula. Alikata vipande akawapelekea majirani. Akawaambia maseremala wa barabarani kwamba binti yake anaoka mkate ambao hawajapata kuuonja. Wakaja! Kila asubuhi mafundi wale, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, walisimama mlangoni na birika zao za chai. Mabaki ya Jumatatu hayakutosha tena, nikawa nanunua bia na kuificha katika chupa ile ile. Mkate huo ulimpeleka Yona shule ya kati. Mkate huo ulimvika Elesia gauni la shule. Watu wa bara wakaacha kuandika habari za kutugawana.

Nilikuwa na visingizio vyangu. Nilijiambia kwamba wako wanawake wa pwani wanaotia tembo la mnazi katika vitumbua na hakuna anayewauliza. Nilijiambia moto umekwisha kuula ulevi wote. Lakini kama niliyaamini hayo, kwa nini niliificha chupa nyuma ya gunia la makaa?

Ramadhani ilipofika alifuturu kwa mkate wangu. Kaka yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, alipougua akashindwa kula, Bi Mwanahawa aliuchovya mkate katika chai akamlisha kwa vidole vyake. Alirudi akinishukuru kwa machozi. Kaka yake hakula kitu kingine mpaka alipokufa.

Je, hata siku ile nilisema? Sikusema! Nilizoea. Mtu huzoea hata mwiba wa unyayoni, akajua namna ya kukanyaga asiumie.

Miaka minne mingine ikapita hivyo.

Ndipo Bi Mwanahawa akataka kufanya kisomo cha hitima ya marehemu mumewe, na akasema safari hii mkate atauoka kwa mikono yake mwenyewe, apate thawabu. Akaketi kwenye kibao mbele yangu kama mwanafunzi.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nifundishe."

Kumfundisha kwa kweli ni kujifichua. Kukataa ni kumvunjia heshima mtu aliyetulea. Basi nikatafuta njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo iliyoniangamiza. Nilimfundisha yote, unga, chumvi, sukari, bekin poda, na mahali pa bia nikamwambia atie maji.

Alipika masufuria matano. Mimi siku hiyo nilijitia nina kazi nyingi Kurasini nisiwepo... Niliporudi alasiri wanawake walikuwa bado uani. Mikate ilikuwa juu ya mkeka, mizito, myeupe, katikati imegandamana kama gundi ya mbao. Bi Tatu, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye ulimi mkali, alikuwa ameshika kipande anakigonga kwenye kinu.

"Shoga, mwite seremala aupige randa kwanza!" alisema, na wanawake wakacheka.

Bi Mwanahawa hakucheka. Macho yake yalikuwa yananingoja mimi.

Hakupiga kelele, laiti angepiga! Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakujua kama nina choyo. Alisema alinipa chumba, akanitafutia wateja, akamgeuza mama yangu kitandani kwa mikono hii. "Nami unaninyima mkate, Marta? Umeona nitakunyang'anya riziki yako? Umenifundisha nusu ili nikaaibike mbele za watu?"

Ningeweza kujitetea kwa neno gani? Kosa alilonibandika lilikuwa dogo kuliko lile nililolifanya. Nikaona bora niitwe mchoyo... Nikafungua mdomo kuomba radhi ya choyo.

Nyuma yangu Elesia alianza kulia. Alikuwa na miaka kumi na mitano na hajapata kuvumilia mtu anisemapo vibaya.

"Dada hana choyo!" alipiga kelele. "Anamnyima nani? Hata yeye mwenyewe hali akashiba! Hakukwambia kwa sababu mkate una bia! Ni bia, Bibi, siyo choyo!"

Bi Tatu alikiweka kipande chini.

Bi Mwanahawa aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu ule wa kwanza.

"Na wa Ramadhani?"

"Ndiyo, Bibi."

Alitazama vidole vyake.

"Na ule nilioulisha mdomo wa kaka yangu?"

Niliinamisha kichwa, naye akajua.

Siku ya tatu alinijia mlangoni, ametoka kwa sheikh wake. Alisema ameambiwa asiyejua hana dhambi. "Mimi sina dhambi, na kaka yangu hana dhambi. Aliyebaki ni wewe, nami nakuachia Mungu wako. Kodi yako nitapokea. Chakula chako sitapokea tena."

Hakutufukuza. Mpaka leo najiuliza kama kufukuzwa kusingekuwa na nafuu.

Nilijaribu kuoka tena, mkate wa hamira ya kweli, nikaukanda mbele ya watu mchana kweupe. Hakuna aliyenunua. Hata mafundi Wakristo walipita wakitazama upande mwingine, maana wanakaa na wenzao Waislamu karakana moja. Ada ya Yona ikanishinda akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Nilimwandikia baba mdogo mwenyewe, kwa mkono ule ule ulioandika hatugawanywi, nikaomba ampokee Tukuyu. Sasa analima. Elesia amekwenda Kinondoni kuwa yaya. Anadhani ni yeye aliyetuvunja. Nimemwambia mara ngapi kwamba yeye alisema kweli na mimi ndiye niliyedanganya! Hutikisa kichwa tu, na akija kunitembelea hakai mpaka jioni.

Wadogo zangu hawakugawanywa na ndugu za baba. Niliwagawa mimi.

Wasomaji, sikuandika ili mnihurumie. Ninyi mnaokaa nyumba moja na watu wa dini nyingine, mnaoazimana chumvi na kuleleana watoto, nawasihi: jirani akiuliza kilichomo chunguni mwako, mwambie. Mwambie siku ya kwanza, kipande kikiwa bado mkononi mwake. Akikasirika, atakasirika siku moja. Usimchagulie wewe la kujua na la kutojua, hata kama unampenda, hata kama una njaa.

Idd iliyopita Bi Mwanahawa aliniletea sahani ya pilau kama miaka yote, imefunikwa kwa kitambaa safi. Ninyi mnajua sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Nilikula nikilia. Nikaiosha, nikaifuta, nikaipeleka. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, na wote wawili tukaitazama ilivyokuwa tupu.