Bibi Yangu Aliimbia Kamera Tupu

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mmoja, nimeolewa Nyamigogo, Biharamulo. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu...

Bibi yangu mzaa mama aliishi Mugoma, kule Ngara. Ndiye pekee aliyebaki akizijua zote zile nyimbo za Kihangaza za kumuaga bibi harusi. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, nikaona tusipofanya haraka atazikwa nazo. Nikataka itengenezwe filamu.

Ndipo nikakutana na Desderi, au ndivyo alivyojiita. Nilimkuta harusini Rulenge, kamera begani. Akashauri tufungue kundi la simu, ndugu na marafiki walio mbali wachangie, na filamu ikitoka kila mmoja aone jina lake humo.

Nikampeleka kwa bibi. Akapiga goti. "Shikamoo, bibi." Kikaletwa chungu cha pombe ya ndizi, na mimi kwa mkono wangu nikampa mrija, akanywa pamoja na wajomba. Kwetu, mtu mliyekunywa naye chungu kimoja humuulizi kitambulisho. Nani angethubutu? Nikaandika kwenye kundi: "Huyu ni wa nyumbani." Watu wakatuma pesa kwenye namba yake. Shemeji yangu aliuza mbuzi!

Siku mbili bibi aliimba mbele ya kamera... anakohoa, anapumzika, anaanza tena. Kisha Desderi akachomoa kadi ya kurekodia, akaaga, eti anakwenda nayo Mwanza kusafisha sauti. Kamera akatuachia ili tusiwe na wasiwasi. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Nikaipeleka kamera kwa fundi. Akaifungua, akaniangalia kwa huruma. Vya ndani vilishang'olewa zamani. Haikurekodi hata neno moja!

Sasa sikieni kosa langu. Bibi alikuwa bado hai! Aliishi karibu miezi miwili zaidi. Kila nikienda ananiuliza, "Mjukuu wangu, lini nitajisikia nikiimba?" Namjibu, "Bado wanasafisha sauti, bibi." Na simu yangu inayorekodi iko mfukoni! Kwa nini sikuitoa? Kumwomba aimbe tena kungekuwa kukiri kwamba nimetapeliwa, na mimi ndiye niliyemleta yule mtu. Niliogopa maneno ya wajomba kuliko kifo cha bibi yangu.

Tangu tumzike, namsikia. Mchana kweupe, napepeta maharage, nasikia kile kikohozi, halafu kile kimya cha kuvuta pumzi kabla ya kuanza... na wimbo hauji.

Binti yangu wa kwanza anaolewa mwezi ujao. Ameniuliza nyimbo zile zinaanzaje. Nakumbuka mstari mmoja, na hata huo sina hakika nao.

Jamani, kabla hamjachangia kazi ya msanii, ombeni kwanza kuona alizowahi kumaliza, hata kama mmekula na kunywa naye! Na ukishatapeliwa, sema siku hiyohiyo. Kama una mzee nyumbani, nakusihi, kubali aibu yako mbele yake angali na pumzi ya kuimba.