Sange wa Uani kwa Mama Milembe

Nyigupicha ilikuwa imesimama hewani, shubiri mbili kutoka ardhini, na mnyama hakuwa na habari nayo. Ilikuwa na ukubwa wa nyigu wa kawaida, mabawa manne ya utando, na lenzi moja ndogo kama punje ya ulezi. Wahandisi walioiunda walipima masikio ya viumbe mia mbili, kisha wakachagua mtetemo ambao hakuna hata kimoja kati yao kinachousikia. Mita themanini kutoka hapo, nje ya jiko lake, Salvatory Mkude alikuwa amekaa kwenye kigoda na miwani ya kuongozea usoni, akiona kila ilichokiona nyigupicha.

Alikuwa akimtazama sange. Ni mnyama mdogo, mgongo mweusi, ubavu mwekundu wa kutu, na pua ndefu isiyotulia hata kidogo. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna aliyewahi kumpiga picha sange huku chini, kwenye mitaa ya Morogoro inayopakana na mlima. Nyuma ya mnyama, uani kwake, jirani yake Mama Milembe alikuwa amekaa mkekani akimenya karanga, miguu ameinyoosha, hana habari na nyigu wala sange. Jua la saa mbili asubuhi lilipenya kwenye migomba likawamulika wote wawili. Salvatory alikonyeza jicho la kushoto, na nyigupicha ikapiga.

Ilikuwa picha bora kuliko zote alizopata kupiga. Ilikuwa pia ya uongo, na aliyelijua hilo alikuwa yeye peke yake.

Salvatory alikuwa fundi mstaafu wa pampu za maji. Tangu mkewe Leokadia afariki, miaka kumi na moja nyuma, alikuwa amejiwekea sharti la kupiga picha zile tu zilizo ndani ya hatua mia nne kutoka mlangoni kwake. Alipiga kenge wa mtaroni, mwewe akiiba kifaranga, fundi cherehani akisinzia juu ya nguo ya mteja. Wenzake walikuwa wakilipia nafasi ya kupeleka kamera mwezini. Yeye alisema mwezi hauna hata mjusi, sasa unakwenda kupiga nini?

Picha zake zote aliziingiza kwenye Daftari la Viumbe. Hapa inabidi kueleza kidogo. Daftari lilikuwa akili mnemba iliyopewa kazi ya kulinda wanyama waliobaki, baada ya binadamu kupokezana zamu za ulinzi kwa miaka mingi huku misitu ikiisha. Raia yeyote aliweza kutuma picha. Ikiwa kiumbe yumo kwenye orodha ya walio hatarini, Daftari lilichora mpaka wa mita hamsini kila upande wa mahali alipoonekana, na hapo hapakai mtu tena. Hakuna diwani aliyeweza kuupindisha mpaka huo kwa simu. Watu walilipenda Daftari kwa sababu halihongeki. Ila nalo lilikuwa na mahali lilipomwamini binadamu. Kila picha ilipotumwa, liliuliza swali moja: je, kiumbe huyu amevutwa kwa chakula, sauti au harufu?

Salvatory alibonyeza Hapana.

Ukweli ni kwamba sange alikuwa akiishi nyuma ya nyumba ya Salvatory mwenyewe, kwenye korongo lenye mianzi, na Salvatory alikuwa akijua hivyo kwa miezi miwili. Shida ilikuwa mwanga. Upande wake ulikaa kwenye kivuli cha mlima mpaka saa nne, na sange saa nne alikuwa amekwisha kujificha. Uani kwa Mama Milembe jua lilifika mapema. Basi kila alfajiri Salvatory alivunja gogo lililooza, akakusanya mchwa kwenye kopo, akawamwaga kidogo kidogo kuvuka njia ya miguu mpaka kwenye ukuta wa jirani. Akakusanya na majani makavu kando ya ukuta ule ili mnyama asijione yuko uchi. Siku ya tisa sange akafika. Kwa wapiga picha huo si hata uongo, ni mchwa tu. Waulize, watakwambia hivyo wote.

Picha ilishinda shindano la mwaka la wapiga picha. Ikabandikwa ukutani stesheni ya treni, kubwa kuliko basi, na Mama Milembe akapita pale mara tatu kwa wiki bila safari, kujitazama akimenya karanga.

Siku ya kumi na tisa tangu picha itumwe, asubuhi, nguzo zikaja. Zilikuwa nguzotembezi, kila moja kimo cha goti, zenye miguu mitatu ya chuma, nazo zilishuka barabarani kwa mstari mmoja bila mtu wa kuziongoza. Kila nguzo ilipofika mahali pake ilisimama, ikajichimbia ardhini, ikawasha taa ya kijani. Zilizunguka nyumba ya Mama Milembe, choo chake na kijishamba chake cha karanga. Ya mwisho ilisimama ng'ambo ya njia, hatua chache kabla ya uzio wa Salvatory. Mwenye nyumba alipewa siku tisini na nyumba nyingine ghorofa ya tisa, kule Kihonda.

Mama Milembe alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Salvatory Mluguru wa hapo hapo mlimani. Walikuwa watani, na utani wao ulikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Mtaa mzima ulimwita Salvatory Baba Fausta, kwa jina la binti yake. Mama Milembe hajapata kumwita hivyo hata siku moja. Kwake yeye alikuwa Mluguru, mbeba vikapu, mtu ambaye ukimweka kwenye tambarare anapepesuka. Naye Salvatory alimwita mpagazi. Leokadia alipofariki, Mama Milembe ndiye aliyelala chini mlangoni akikataa jeneza lisitoke mpaka alipwe kuku, waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Hivyo ndivyo watani wanavyofanya.

Asubuhi ya nguzo Mama Milembe alimkuta Salvatory amesimama njiani, hana rangi usoni.

"Mluguru, mjomba wako mwenye pua ndefu kanifukuza nyumbani," alimwambia. "Ukoo wenu ndivyo ulivyo. Mnashuka na vikapu kuuza mboga, jioni mnarudi na shamba la watu."

Salvatory alicheka, maana mtani lazima acheke.

Siku chache baadaye alijaribu. Alimshauri akate rufaa, akimwambia kwamba Daftari lina mlango wa malalamiko na yeye angemsaidia kuandika. Mama Milembe aliendelea kupepeta karanga zake kwanza.

"Nimshitaki nani?" alisema. "Mashine haikunifuata mimi, imemfuata mnyama. Na mnyama kachagua mwenyewe. Mlima wote ule kauacha, kaja kwa bibi kizee anayemenya karanga. Marehemu mume wangu hayupo, mwanangu Milembe yuko Tabora na watoto wake. Nilipoona ile picha nikajiambia, kumbe kuna kiumbe hai kimeona kwangu panafaa. Sasa nigombane naye?"

Salvatory aliaga, akaenda kukaa nyuma ya nyumba yake akitazama mianzi. Alijichukia. Hakuna neno la kupamba hapo.

Lakini kujichukia si sawa na kusema kweli, na mtu anaweza kujichukia kwa muda mrefu sana akiwa amefunga mdomo. Nyumba yake aliijenga na Leokadia kwa mikono yao, tofali kwa tofali, mwaka ambao Fausta alizaliwa. Akisema kweli, nguzo zingeng'oka kule, zingevuka njia, zingekuja kujichimbia kwake. Kwa hiyo alijitafutia maneno. Ghorofani kuna lifti, na magoti ya Mama Milembe ni mabovu. Ghorofani maji hayakatiki. Hospitali iko karibu. Yote yalikuwa kweli, na usingizi haukuja.

Alimsaidia kufungasha kila siku. Alibeba vyungu, akafungua vitanda, akamfungia kinu kwenye gunia. Mama Milembe alikuwa akimsimamia mikono kiunoni, akiwatangazia wapita njia kwamba leo dunia imepinduka, Mluguru ndiye mpagazi. Kadiri alivyomtania ndivyo Salvatory alivyobeba mizigo mizito zaidi. Mgongo ukamuuma, na maumivu yale aliyafurahia kidogo.

Siku ya themanini na tatu kati ya zile tisini alishindwa. Hakuna kilichotokea siku hiyo, isipokuwa Mama Milembe alimletea bakuli la karanga za kukaanga na kumwambia kwamba akihama atamkosa. Alilisema hilo bila utani, haraka haraka, kisha akamtukana kidogo ili kulifunika. Salvatory aliliweka bakuli mezani, akavaa miwani na kuita Daftari. Alieleza yote. Akatuma na picha ambazo hakuwahi kuzionyesha, zile za siku nane za mwanzo, ambamo mkono wake ulionekana wazi ukimwaga mchwa.

Daftari lilisema litakagua. Siku mbili nyigupicha za serikali zilizunguka kwenye korongo na uani kwa jirani, ndogo na kimya. Siku ya tatu asubuhi sauti tulivu ya Daftari ilirudi masikioni mwa Salvatory.

"Maelezo yako yamepokelewa. Kibali chako cha kutuma picha kimefutwa. Mpaka hautabadilika."

Salvatory alidhani halikumwelewa. "Nimekwambia hakuwa akiishi pale. Mimi ndiye niliyempeleka."

"Wakati huo hakuwa akiishi pale. Sasa anaishi. Kuna kiota ndani ya majani yaliyokusanywa kando ya ukuta, na mtoto mmoja wa wiki mbili. Kwenye korongo nyuma ya nyumba yako hakuna kiota tena."

"Majani yale niliyakusanya mimi."

"Ndiyo," lilisema Daftari. "Umeeleza hivyo."

Kitu cha kwanza alichokihisi Salvatory kilikuwa nafuu. Nyumba yake ilikuwa imepona. Ilimpitia mwilini kama maji ya baridi mtu anapokuwa na kiu, na mara baada yake ikaja aibu ambayo hajapata kuijua maishani. Uongo wake ulikuwa umeota mizizi ukawa kweli, na mashine isiyohongeka ilikuwa ikiulinda.

Daftari halikutangaza makosa ya raia. Angeweza kunyamaza mpaka kaburini. Alivua miwani, akavuka njia.

Mama Milembe alikuwa akifunga mkeka kwa kamba; lori lilikuwa linakuja kesho yake. Alipomwona tu alianza kumuuliza kama Waluguru leo wamemaliza kulala. Salvatory hakucheka. Alisimama mbele yake na kumweleza, mwanzo mpaka mwisho: mwanga, gogo, kopo, majani, swali lile na jibu alilobonyeza, siku zote za kunyamaza na sababu yake. Hakuiruka sababu ile ya nyumba yake. Mama Milembe aliacha kamba ikalegea mkononi.

"Mchwa," alisema.

"Mchwa."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Aliutazama ukuta wake, pale kwenye majani. "Kumbe hakuchagua," alisema.

Salvatory alisubiri matusi. Aliyahitaji. Alitaka aambiwe mwizi, mchawi, mjukuu wa nyani wa Uluguru, chochote kile, kwa kelele, mtaa usikie. Badala yake Mama Milembe aliinuka taratibu, akaingia ndani kati ya maboksi, akatoka na kiti. Alikifuta kwa ncha ya kanga, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Miaka thelathini na minne Salvatory alikuwa akijikalia uani pale popote alipotaka, juu ya kinu, juu ya gunia, bila kukaribishwa. Mama Milembe akarudi tena ndani, akaja na maji kwenye glasi, na glasi juu ya kisahani.

"Karibu maji, Baba Fausta," alisema.

Salvatory aliishika glasi.

"Nitukane, Mnyamwezi," alimwambia. "Hata kidogo tu. Nakuomba."

"Hapana, Baba Fausta. Nashukuru kwa kuja kunieleza." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ambayo watu humtumia mgeni wasiyemjua vizuri. "Na pole na kazi ya mizigo. Kesho vijana wa lori watamalizia, usijisumbue tena."

Kisha akakaa mkekani, akakunja miguu yake kwa heshima, akangoja mgeni amalize. Salvatory alikunywa maji yote, akarudisha glasi kwenye kisahani, akaomba ruhusa ya kuondoka.