Mac ya Dada Mahrukh

Kila siku saa nane mchana, Nimra alipofika kutoka shuleni, alimkuta mama yake palepale: kwenye meza ya chakula, kikombe cha chai ya maziwa kando, na mbele yake kompyuta mpakato ya Windows inayovuma kwa sauti. Mama Fehmida alikuwa akipanga maandishi ya kadi za harusi kwa Kiurdu. Nusu ya maharusi wa Samanabad, mjini Lahore, waliwaalika wageni wao kwa kadi zilizotoka kwenye meza ile. Nimra alinawa mikono, akala chapati kwa dengu, kisha akafungua madaftari yake upande wa pili.

Jumatano moja, hata dengu hazijaisha, umeme ulikatika. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani, na mashine yenyewe iliishi kwa waya wa ukutani tu. Ikazimika papo hapo.

"Basi!" Mama alipiga meza kwa kiganja. "Kazi ya saa nzima! Sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja!"

"Si nimekwambia mama? Hiyo ni takataka."

"Chunga mdomo wako. Takataka hiyo ndiyo inayokulipia ada."

Nimra alifura kama andazi. Alikuwa na hasira zake mwenyewe na ile kompyuta. Wiki iliyopita aliibeba shuleni kwa ajili ya kazi ya sayansi, na ilipoanza kuvuma na kutoa joto, Hooria, mwanafunzi mwenzake, alimwuliza mbele ya darasa zima, "Nimra, umekuja na kompyuta au tanuri la mikate?" Wasichana thelathini na sita walicheka. Mwalimu naye alicheka. Nimra alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu siku ile alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alikuwa na waya.

Jioni hiyohiyo jirani yao, Dada Mahrukh, alishuka kutoka ghorofa ya juu. Alikuwa msichana mchangamfu, mchoraji wa picha za matangazo, na alikuwa akihamia Islamabad, ambako kazini angepewa kompyuta mpya. Aliweka mezani kompyuta yake ya Mac, nyembamba, ya rangi ya fedha.

"Dada Fehmida, hii naiuza. Betri yake inakaa siku nzima, umeme ukikatika hata hutajua. Kaa nayo uijaribu. Ila Jumamosi nataka jibu, maana kuna mtu mwingine ananisumbua."

Mahrukh alipoondoka, Mama aliitazama ile Mac kwa muda mrefu. Hakuigusa.

"Sikiliza, Nimra," alisema. "Nikiichukua hii, ya zamani lazima iuzwe. Kukaa na zote mbili siwezi. Kwa hiyo sitaki kubahatisha, na wewe mambo haya unayajua kuliko mimi. Chukua kadi ya kina Haji Barkat. Wameshaisoma wote, na Haji ameitia saini. Ifungue kwenye Mac, halafu itume kwa mpiga chapa kutoka humo humo. Ikikaa vilevile, tunahama. Isipokaa, uniambie."

"Itakaa, mama!"

"Sijakuuliza itakaa. Nimesema ijaribu."

Alhamisi Nimra aliijaribu. Faili la kadi halikufunguka. Akalijaribu tena, halikufunguka. Ile programu ya mama ya kupangia Kiurdu ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na Mac haikuitambua hata kidogo. Alitafuta mtandaoni akaona kwamba njia ya kuzunguka ipo, lakini inataka programu nyingine za kununua, mipango mingi na subira. Hasira zikampanda. Hasira kwa nani, hata yeye hakujua. Akawaza: nikimwambia mama, kesho Mac inarudi juu, na mimi nabaki na tanuri.

Basi akafanya ujanja. Alichukua nakala ya karatasi yenye saini ya Haji Barkat, akafungua programu nyingine ya kuandikia iliyokuwemo ndani ya Mac, akaanza kuiandika kadi upya, neno kwa neno. Jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, tarehe, ukumbi, saa. Akatafuta mwandiko unaofanana. Ukafanana, ukitazama kwa haraka.

Sehemu ya chini ndiyo ilikuwa ngumu. Chini ya kadi ya harusi huandikwa majina ya watu wa familia wanaowangoja wageni, mkubwa kwanza, mdogo mwisho, na wapo watu wanaosoma orodha hiyo kabla hawajatazama hata jina la bibi harusi. Watu wamewahi kususa harusi ya ndugu yao kwa sababu ya kushushwa mstari mmoja. Nimra alilijua hilo tangu utotoni. Aliyapanga majina kwa safu mbili, sita na sita, kama yalivyo kwenye nakala, akayahesabu. Kumi na mawili. Yametimia. Akaituma kadi kwa mpiga chapa.

"Imefunguka?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Imefunguka."

"Na programu yangu inafanya kazi humo?"

"Inafanya, mama. Kila kitu kiko vilevile."

Mama alifurahi. Jambo hilo lilimchoma Nimra kidogo, lakini kidogo tu, kwa sababu tayari alikuwa akiiona sura ya Hooria.

Jumamosi asubuhi alifika kijana wa duka la kompyuta kuukuu kuja kuichukua ile ya Windows. Aliigeuza, akaifuta vumbi, akakubali. Mama alikuwa ameshauzungusha waya wa chaja na kumkabidhi mkononi, mara mlango ukagongwa kama unaotaka kuvunjwa. Aliingia Haji Barkat, mwenye ndevu za hina na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Mkononi alishika kadi.

"Fehmida! Mimi nimekukosea nini?"

"Haji, karibu, keti kwanza, chai iko—"

"Chai yako siinywi! Shika hii. Soma majina. Soma kwa sauti!"

Mama aliipokea kadi. Kiurdu husomwa kutoka kulia, basi akaanza na safu ya kulia, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. "Wanaowangoja kwa hamu: Mohid…" Akakwama.

"Mohid ni nani?"

"Sijui, Haji."

"Mohid ni mjukuu wa mdogo wangu! Ana miaka tisa! Jana nimemshusha juu ya friji! Mimi niliyewalea baba zao wote nimewekwa wa saba, nyuma ya mtoto mwenye kamasi! Kadi hamsini zimeshafika Gujranwala. Shemeji zangu wananipigia simu kunicheka: Haji, siku hizi kiongozi wenu ni Mohid?"

Mama alifungua droo, akatoa nakala yenye saini, akaziweka kadi mbili kando kwa kando. Majina yalikuwa yaleyale. Lakini kwenye nakala safu ya wazee ilikaa kulia, na kwenye kadi iliyochapwa ilikaa kushoto. Ile programu ya Mac ilipanga safu zake kuanzia kushoto, kama inavyopanga Kiingereza, na aliyeiandika hakujua kuigeuza. Watoto walikuwa mbele ya babu zao.

"Haji," Mama alisema, "sijui imekuwaje. Uliyotia saini ni hii. Ni kosa langu. Nisamehe."

"Miaka kumi na mitano nakuletea kazi! Posa, nikaha, karamu, zote kwako! Leo umenivunjia heshima kwa wakwe. Mtaa mzima utasikia, kila mwenye binti wa kuozwa atasikia!"

Nimra alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimwona mama yake akiinamisha kichwa mbele ya mtu mwingine kwa kosa asilolifanya, na hasira aliyokuwa akiwapelekea Hooria, umeme na mashine kuukuu wiki nzima ikageuka ikamrudia mwenyewe. Akatoka pale mlangoni, akasema.

"Si yeye. Ni mimi."

Wote wakamgeukia.

"Kadi haikufunguka kwenye Mac. Nikaiandika upya. Nikahesabu majina, sikuyasoma upya kwa mpangilio. Nikamwambia mama imefunguka, na kwamba programu yake inafanya kazi. Haifanyi kazi. Nilisema uongo."

 Mama alimsogelea yule kijana wa duka, akaichukua chaja kutoka mkononi mwake.

"Kaka, samahani. Haiuzwi."

"Lakini mama, si tumeshakubaliana—" kijana alianza.

"Nimesema haiuzwi!"

Kijana akaondoka akinung'unika. Haji Barkat alimtazama Nimra kutoka juu mpaka chini, akapumua kwa pua.

"Kadi zote upya, na nazitaka leo," alimwambia Mama. "Na huyu azilete yeye mwenyewe." Akatoka bila kugusa chai.

Mlango ulipofungwa, Mama alikaa. Nimra alitamani apigiwe kelele, lakini Mama alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Unadhani nimekasirika kwa sababu ya Haji? Haji atapoa. Nimekasirika kwa sababu nilikuuliza, nikakuamini, nikafunga chaja kwa mikono yangu mwenyewe. Dakika tano zaidi na ningekuwa nimeuza riziki yetu. Jumatatu ningekaa hapa na mashine nzuri isiyoweza kuandika kadi hata moja!"

"Nilikuwa naitaka sana, mama."

"Basi ungesema hivyo! Ungesema, mama, programu haifunguki, lakini naitaka, na njia nyingine ipo. Tungekaa, tungepima. Labda ningeikataa, labda ningeikubali. Lakini wewe uliniamulia, halafu ukaniacha nidhani nimeamua mimi!"

Nimra alilia. Mama alimwacha alie, akaiwasha kompyuta ya Windows, akalifungua faili la Haji Barkat, akalituma kwa mpiga chapa.

Alasiri Nimra alizibeba kadi mpya hadi nyumbani kwa Haji. Mzee aliwakalisha watu wake wote sebuleni kwa mpangilio, kuanzia yeye, kisha akamwamuru Nimra asome majina kwa sauti, na kila aliyetajwa aitike. Nimra alisoma huku uso unamwaka kwa aibu. Baada ya jina la mwisho aliomba radhi, kwanza kwa Haji, kisha kwa wote. Haji alitikisa kichwa, akamwashiria bibi mmoja amletee sahani ya peremende. Mohid peke yake ndiye aliyenuna. Yeye ile kadi ya kwanza aliipenda.

Nimra aliporudi, alimpandishia Dada Mahrukh Mac yake na kumweleza kila kitu. Mahrukh hakukasirika. "Kwa picha zangu inanifaa mno," alisema. "Kwa kadi za mama yako, kumbe bado. Hebu mwambie ajaribu kubadilisha betri."

Kumbe hilo hawakuwahi kulifikiria. Jumatatu Mama alikwenda kwa fundi wa kompyuta katika barabara ya Hall Road, akarudi na betri mpya. Fundi alikuwa ameapa kwamba inakaa saa nne. Mama aliingia nyumbani akiimba, jambo ambalo halikuwa limesikika tangu Jumamosi, akamwekea Nimra kompyuta mbele yake.

"Ijaribu, halafu uniambie."

Nimra aliichomoa kwenye waya, akatazama saa ya ukutani, akaendelea na hesabu zake. Ilikaa saa mbili na dakika kumi, ikazimika. Nyumba ndiyo kwanza imetulia, Mama ndiyo kwanza anacheka. Kusema saa nne kungekuwa rahisi sana.

"Mama," alisema. "Saa mbili na dakika kumi. Si nne."

Uso wa Mama ulibadilika. "Saa mbili? Yule mtu ameniapia!" Alisimama, akajitupia mtandio kichwani, akaibeba kompyuta kwapani, akatoka akiwa amekasirika kiasi kwamba alisahau kuvaa saa yake ya mkononi. Nimra alibaki kwenye kiti, akijilaumu kwamba ameiharibu siku.

Mama alirudi baada ya muda na betri nyingine, yenye muhuri wa kiwandani. Alikaa, akajimiminia chai.

"Yule fundi alinibishia," alisema. "Akaniuliza, mama, una uhakika gani kwamba imekaa saa mbili? Nikamwambia binti yangu ameipima. Akasema, watoto hao, unawaamini? Nikamjibu ndiyo, huyu namwamini."

Nimra aliinamia daftari lake.

"Jumamosi nisingeweza kumjibu hivyo," Mama aliendelea. "Nakwambia ili ukumbuke. Mtu akikuomba umpimie jambo, mpe ulichokiona, hata kama unatamani kingine, hata kama kitamuudhi. Kuudhika nitaudhika, nitapiga meza, kisha nitajua la kufanya. Ukinificha, sina pa kuanzia. Haya, hii nayo ipime."

Nimra aliichomoa kompyuta kwenye waya, akaandika saa kwenye ukingo wa daftari, na wote wawili wakaendelea na kazi zao.