Samaki wa Kigwe cha Kijani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Pipaluk aliwapelekea mbwa chakula chao. Mbwa walilala nje, kila mmoja na mnyororo wake, theluji imewafunika migongo kama unga. Walipomsikia waliinuka wote na kubweka kana kwamba hawajala tangu wazaliwe. Baada ya hapo alikaa na baba yake jikoni, wakichomeka chambo kwenye ndoano na kuupanga mshipi mrefu ndani ya beseni ili usijisokote.

Majira hayo ya baridi baba alimpa ndoano za mwisho wa mshipi ziwe zake mwenyewe. Pipaluk alizifunga vigwe vyekundu. Alikuwa na sababu ya kuzipenda. Kijijini kwao, samaki wa kwanza wa mtoto haliwi na mwenyewe. Hukatwa vipande vikagawanywa kwa kila nyumba, mama akapika kahawa na keki, na watu wakaja kumpa mtoto mkono. Pipaluk alikuwa na miaka kumi na miwili na siku hiyo haikuwa imefika. Binamu yake, Miteq, hakuacha kumkumbusha.

"Wewe hujatulisha hata dagaa," alimwambia shuleni. "Mimi nilikuwa na miaka minane, kijiji kizima kikaja."

"Samaki yule alivuliwa na baba yako. Wewe ulishika kamba tu."

"Lakini keki zililiwa au hazikuliwa?"

Zamani, baba alisimulia, barafu ilishika hori nzima ya bahari, na kila mvuvi alitoboa shimo lake mbali na mwenzake, mpaka sleji zao za kuvutwa na mbwa zikaonekana kama sisimizi. Siku hizi barafu ilichelewa kuja, ikawahi kuondoka, na hata ikiwepo haikuaminika. Mwaka huo iliyokuwa imara ni ile ya ukanda mmoja tu chini ya mlima, na nyumba zote zilivua hapo, shimo karibu na shimo. Kwa hiyo watu walikaa wakakubaliana: kila nyumba itumie mshipi mmoja tu, na samaki asiyefikia alama iliyochongwa kwenye mpini wa mtaimbo wa kuvunjia barafu arudishwe majini akiwa hai. Hakuna aliyewekwa kuwakagua wengine.

Jirani yao pale barafuni alikuwa Mzee Esekias. Mke wake alikufa mwaka aliozaliwa Pipaluk, na kwa desturi yao jina la marehemu likapewa mtoto huyo, kana kwamba amerudi ndani yake. Ndiyo maana mzee alimwita "mke wangu", naye Pipaluk alimgombeza kuhusu soksi zake zilizotoboka kama mke halisi.

Jumamosi hiyo waliuzamisha mshipi shimoni, na baada ya saa chache baba akazungusha winchi ya kuuvuta na Pipaluk akapiga magoti ukingoni, akipokea samaki bapa wakubwa wa kijivu kadiri walivyotokeza. Hawakuwa wengi. Mshipi ulipokaribia kwisha, mbwa wawili walianza kuumana, na baba akakimbilia kwenye sleji kuwatenganisha.

"Malizia kuvuta," alisema. "Sasa ni zile zako."

Ndoano ya kwanza ya kigwe chekundu ilipanda tupu. Ya pili tupu. Ya tatu ilikuwa na samaki, na moyo wa Pipaluk ukaruka. Alimlaza kando ya mtaimbo. Hakuifikia alama. Alimtazama kidogo, akamwachia shimoni, naye akazama akichezesha mkia.

Kisha mshipi ukawa mzito. Alivuta kwa mikono miwili. Ilitokeza mishipi miwili iliyosokotana, na kwenye ule wa pili alining'inia samaki mrefu kama mkono wake wote. Kigwe cha ndoano kilikuwa cha kijani. Vigwe vya kijani vilikuwa vya Mzee Esekias. Mashimo yao yalikaribiana mno, na mkondo ulikuwa umeupitisha mshipi wake chini ya barafu hadi huku.

Pipaluk aligeuka. Baba bado alikuwa amewainamia mbwa. Alimchomoa samaki, akaifumua mishipi, na ule wa mzee ukateleza kurudi gizani.

"Huyo ametoka wapi?" baba aliuliza aliporudi.

"Kwenye ndoano yangu."

Baba alivua glavu, akampa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiimba.

Alasiri nyumba ilijaa. Viatu vilirundikana mlangoni, kahawa ilinukia, na Pipaluk alisimama katikati ya chumba akipewa mkono na kila aliyeingia. "Asante kwa kutulisha," walisema. Kila "asante" ilimkwama kooni kama mwiba. Miteq alikuja na sahani yenye keki tatu.

"Haya, nimekubali," alisema. "Mbona umenuna? Mimi siku yangu nilicheka mpaka jioni."

Kipande cha kwanza cha samaki alipewa Mzee Esekias, kwa sababu anaishi peke yake. Alikishika kwa mikono miwili, akafumba macho, akamshukuru Mungu, na kuishukuru bahari ambayo bado inawapa. Kisha akala polepole.

"Mke wangu ananilisha," alisema. "Na leo amefanya vyema, maana mimi nimevuta mshipi wangu mchana huu, hakuna kitu. Juzi pia hakuna kitu. Samaki wamepahama pale kwangu."

"Watarudi," alisema baba.

"Mbwa wangu hawali 'watarudi', Jokum. Ukanda umejaa, hakuna pa kutoboa shimo jingine. Kesho nahamia kule nje, karibu na mdomo wa hori."

Watu waliacha kutafuna.

"Kule barafu ni kama mkate uliolowa," baba alisema.

"Nitakwenda taratibu."

Alivaa koti lake, akaaga. Pipaluk aliona kupitia dirisha mzee akianza kupakia vifaa kwenye sleji yake: kamba, winchi, bati la kuzamishia mshipi. Pipaluk alitoka bila kofia.

"Babu Esekias, usiende."

"Mke mwema humzuia mumewe," mzee alitania. "Rudi ndani, masikio yataganda."

"Samaki wapo pale kwako. Yule uliyekula alikuwa wako. Mishipi ilisokotana, nikamtoa kwenye kigwe cha kijani. Nilimwambia baba ni wa kwangu."

Mzee alilitua bati chini. Pipaluk alitamani amfokee.

"Alinasa kwenye ndoano za mwisho, au za katikati?" mzee aliuliza.

"Za mwisho, nadhani."

"Basi wako kwenye mteremko wa chini ya bahari, nami nilikuwa nautua mshipi wangu kwa juu mno." Alianza kuzishusha kamba alizokwisha kuzipakia. "Na wewe, ndoano zako hazikupata kitu?"

"Mmoja. Alikuwa mdogo, nikamrudisha."

"Hilo umelifanya vizuri. Hili jingine waliomo ndani nao walilisikie. Twende, nitasimama nawe."

Pipaluk aliwasimulia wote habari ya kigwe cha kijani. Sauti yake ilikatika mara mbili kwa kilio. Aliwatazama watu miguuni, soksi zote zile, kwa kuwa nyuso hakuziweza.

"Keki sizirudishi," Miteq alisema, mdomo umejaa, na watu kadhaa wakacheka bila kutaka.

Baba hakucheka. "Nilikupa mkono wangu," alisema kwa upole, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa. Halafu alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi. "Kaa hapa. Umelisema mwenyewe. Kesho utamsaidia mzee, na keshokutwa, mpaka mwenyewe aseme basi."

Usiku huo upepo wa kusini ulivuma. Asubuhi, Pipaluk na Mzee Esekias walipofika kwenye ukanda, barafu ya chini ya mlima ilikuwa mahali pake. Huko nje, karibu na mdomo wa hori, palikuwa na maji meusi tu, na vipande vyeupe vikielea kwenda zao. Mzee alisimamisha mbwa akatazama kwa muda mrefu.

"Jana ulilia mbele za watu," alisema. "Nataka ujue kwa nini nilikurudisha ndani ukawaambie. Ujanani nilivua mbali na kila mtu, na mtu akidanganya alijidanganya mwenyewe. Sasa tumebanana hapa. Mishipi yetu inapishana chini ambako jicho la mtu halifiki. Samaki nikiwajua ni wangapi, wakubwa au wadogo, wapo au wamekwisha, nitakuwa nimejua kwa kauli ya jirani yangu. Jirani akinidanganya, tutamaliza samaki bila kujua, au nitakanyaga pasipokanyagika. Barafu inapungua, mwanangu. Uaminifu tusiuache upungue nao."

Pipaluk aliitikia kwa kichwa.

Mzee alimkabidhi mtaimbo afungue shimo lililoziba kwa baridi ya alfajiri. Kisha akavua glavu yake na kumnyooshea mkono.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Jana watu wengi walikuwa wamemshukuru Pipaluk, na hakuna shukrani hata moja aliyoweza kuimeza. Hii aliipokea. Aliushika mkono ule wa baridi wenye makovu ya kamba, akasema, "Asante nawe, Babu," na wakaanza kuvunja barafu.