Karatasi ya Fundi Nusu Inchi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, nilipiga magoti jikoni na kuvuta sufuria kutoka chini ya meza. Vyombo vyetu vyote vilikaa kwenye maboksi sakafuni, na Bibi hakuweza kuinama. Alikuwa amesimama miaka ishirini na sita mbele ya mashine za kiwanda cha nguo, na siku alipoachishwa kazi alipewa barua ya shukrani na kitambaa mita mbili. "Nguo zao zimevaliwa hadi zikachakaa," alizoea kusema, "magoti nimebaki nayo mimi." Chombo nilichosahau kumtolea asubuhi, alikikosa hadi nirudi.

Ndiyo maana Mama, ambaye ni mshonaji, alijinyima mwaka mzima ili aagize makabati ya kujengewa jikoni. Fundi seremala alikuja kupima. Mtaani tulimwita Nusu Inchi, kwa sababu kila kitu alikipima mara mbili akinung'unika, "Nusu inchi, jamani, nusu inchi ndiyo inavunja urafiki." Alimketisha Bibi kwenye kiti akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake.

"Droo zitakaa hapa, Bibi. Hutainama tena, labda uangushe sindano."

"Hata sindano nitamtuma huyu," Bibi akasema akinisonta, tukacheka.

Alichora mistari ya penseli ukutani, pale makabati ya juu yatakapokaa. Kisha akampa Mama karatasi yenye mchoro na bei.

"Dada, wenye maghala ya bodi za mbao nawajua. Bei ikipanda, inapanda leo leo. Ikishuka, wote wanakuwa viziwi. Nirudishie karatasi hii na sahihi yako kabla ya Ijumaa jioni. Nikiiona, nanunua bodi zako zote siku hiyo hiyo, na bei hii haitaguswa."

Jumatano Mama alitia sahihi akanikabidhi. Karakana ya fundi ilikuwa njiani kutoka shuleni. Lakini siku hiyo timu yetu ya netiboli ilikosa mchezaji, nikabaki uwanjani hadi karakana ikafungwa. Jioni Mama akauliza, "Umempa mkononi mwake?"

"Ndiyo, Mama. Mkononi mwake."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilijiambia kwamba kesho nitapeleka, na uongo utageuka kuwa kweli. Alhamisi nikawa na mazoezi tena. Ijumaa ikanyesha mvua. Karatasi ikalala ndani ya daftari la hesabu, nami nikaacha kulifungua daftari hilo hata mwalimu alipotaka tufanye zoezi.

Wiki iliyofuata, Jumamosi asubuhi, Mama alinichukua twende karakana kuuliza siku ya kufungiwa makabati. Nusu Inchi alizima msumeno, akajifuta vumbi usoni.

"Dada, nilidhani umeghairi. Bodi zimepanda tangu Jumatatu. Bei ya zamani siwezi tena."

"Zimepanda? Na karatasi niliyotia sahihi?"

"Sijaiona."

"Mwanangu aliileta Jumatano, akakupa mkononi! Kumbe na wewe ni wale wale. Mwizi mkubwa!"

Watu waligeuka. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiagiza vitanda sita alikunja noti zake, akazirudisha mfukoni, akawasha pikipiki yake. Nusu Inchi alimtazama akiondoka. Kisha akanitazama mimi. Nikaangalia maranda ya mbao miguuni pangu.

Nyumbani Mama alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Bibi akamgusa bega. "Usilie, mwanangu. Maboksi nimeshayazoea."

Hapo ndipo nilipoleta daftari, nikatoa karatasi, nikasema yote.

Mama hakunipiga. Alisoma sahihi yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Vaa viatu," akasema.

Karakana bado ilikuwa na watu. Mama alisimama palepale aliposimama asubuhi. "Fundi, nilikuita mwizi kwa sauti, na kwa sauti nakuomba radhi. Wewe ni mkweli. Mwongo ametoka nyumbani kwangu."

"Na mimi nakuomba radhi, baba," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo; Mama akaniagiza nirudie, nikarudia.

"Nimesikia. Nimesamehe," fundi alisema. "Lakini yule wa vitanda hatasikia. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwezi mzima."

Nusu Inchi alichukua penseli sikioni, akayakata kwa mstari makabati yote ya juu kwenye mchoro wa karatasi ile. "Haya tuyaache. Droo za Bibi siziondoi. Hivyo pesa yako itatosha. Tia sahihi sasa hivi, dada, kabla wenye maghala hawajaamka tena na bei nyingine."

Makabati ya chini yalifungwa baada ya wiki tatu. Bibi alivuta droo akiwa amekaa, akatoa sufuria, akairudisha, akaitoa tena. Juu, mistari ya penseli ilibaki kwenye ukuta mtupu. Mama alitaka kuipaka rangi, Bibi akakataa.

"Iache kwanza," alisema, kisha akanivuta karibu. "Mjukuu wangu, mwenye ghala alipandisha bei na hakuna aliyemfokea. Mama yako alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Lakini uongo wako uliituma hasira hiyo kwa mtu anayekula kwa jasho kama sisi, na huyo ndiye aliyepoteza kazi. Ukikosea Jumatano, sema Jumatano. Utagombezwa, utalia, na Alhamisi utaipeleka karatasi."

Hadi leo nikipita karakana ya Nusu Inchi huwa namsalimia, naye huitikia vizuri. Yule wa vitanda hakurudi.