Picha Yangu kwenye Bango Lake

Bango la kwanza lilipotoka kwenye mashine ya kuchapa nililitupia jicho, natafuta rangi iliyopotoka. Nikajikuta najitazama mwenyewe, kichwa wazi, nywele mabegani, nacheka. Chini wameandika: MWANAMKE HURU, NCHI HURU.

Picha ile nilimtumia mtu mmoja tu, mchumba wangu. Nikampigia papo hapo.

— Umeliona? akauliza kwa furaha. — Nilimwomba bosi wako asikwambie, nilitaka nikushtue.

— Picha niliyokutumia wewe, unaipeleka kwenye kampeni?

— Umependeza, mpenzi. Chama chetu kinahitaji sura kama yako. Utajifunika mpaka lini kwa sababu ya mzee wako?

— Kitambaa nakivaa mimi, si mzee.

— Hayo ndiyo waliyokulisha. Nipo jirani, nakuja tuongee.

Nilimpenda yule mwanamume, Mungu anajua. Alikuwa anatetea haki za wanawake mpaka koo linamkauka, nami nilijiona nimeokota dodo.

Aliyetangulia kuingia akawa baba. Bosi wetu hana dini wala chama, anachapa vya wote, na baba alifuata vipeperushi vya kundi lake la waumini, MAADILI KWANZA. Akaliona bango. Akakaa juu ya maboksi ya karatasi.

— Nani kakupiga hii?

— Nilijipiga mwenyewe, baba. Ilikuwa ya mwenzangu tu.

— Basi uchumba umekwisha. Kwenye ibada utasimama mbele ya watu useme ulilaghaiwa.

Kabla sijajibu, mchumba wangu akaingia.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, akaitikia. Hata kwa hasira, baba hawezi kuacha salamu ipite.

— Mzee, binti yako ni mtu mzima. Mwache aamue.

— Aamue nini, na wewe umeshamwamulia?

— Mimi namfungua. Wewe ndiye uliyemfunga.

— Namlinda na watu kama wewe, mnaotaka nchi nzima itembee uchi.

Wakaendelea hivyo, mara dini, mara serikali, mara vijana wa siku hizi. Mimi nimebanwa kati ya mashine na ukuta, nimeshika bango lenye uso wangu mikononi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Nikazima mashine. Wakanigeukia.

— Niulize, nikamwambia mchumba wangu.

— Nikuulize nini?

— Kama nataka kubandikwa kwenye kuta za mtaa mzima.



— Unataka?

— Sitaki. Na ndoa yako pia sitaki.

Machozi yalinitoka, maana ndoa ile nilikuwa naitaka sana.

Baba akasimama, uso umemchangamka.

— Nilijua damu yangu haipotei. Twende, mama. Ukawaambie waumini hayo hayo.

— Na wewe, baba, umeniuliza?

Akasogea mlangoni, karibu na mchumba wangu.

Nikavaa mkoba wangu begani. Wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni bega kwa bega, na chumba kile kina mlango mmoja tu.

— Naomba njia, nikasema.

Baba akamtazama mchumba wangu. Mchumba wangu akamtazama baba. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake asogee kwanza.